Vikanyagio vya mbele au vya kati: ulinganisho kwa anayetaka kubadili mkao wa pikipiki yake

Triumph Bonneville Bobber na Bonneville Speedmaster ni pikipiki mbili zinazotumia injini ya aina moja ya sentimita za ujazo 1200, lakini Bobber huiweka miguu ya dereva chini ya magoti yake, na Speedmaster huinyoosha mbele. Harley-Davidson nayo iliuza kwa miaka kadhaa Sportster mbili za ukoo mmoja, Iron 883 yenye vikanyagio vya kati na Forty-Eight yenye vikanyagio vya mbele. Aliyewahi kuendesha pikipiki za jozi kama hizi siku moja anajua kwamba tofauti ya mahali pa kuweka miguu huisikia mapema kuliko tofauti ya injini. Ulinganisho huu ninamwandikia mtu aliyenunua kruza (pikipiki yenye kiti cha chini na mkao wa kujilaza nyuma) yenye vikanyagio vya mbele, akaipenda, kisha baada ya miezi michache akaanza kusikia maumivu chini ya mgongo kila anapomaliza safari, na sasa anajiuliza kama avihamishe vikanyagio au aitafute pikipiki nyingine. Mimi nilivihamisha, na sijajuta, ingawa kuna mambo ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijaishika spana.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Kikanyagio ni mahali mguu unapokaa. Pedali ni mkono wa chuma unaosukumwa na mguu, ya gia ikiwa kushoto na ya breki ya nyuma ikiwa kulia. Kubadili mkao ni kuhamisha vyote vinne kwa pamoja kutoka mbele ya injini, ambako kwa kawaida hufungwa kwenye nguzo za mbele za fremu, hadi chini ya dereva. Anayehamisha vikanyagio peke yake na kuziacha pedali mbele atalazimika kuitafuta pedali ya breki kwa mguu kila anapotaka kusimama, na hilo halikubaliki hata kwa safari ya dukani.

Mgongo, nyonga na goti

Miguu ikinyoshwa mbele, nyonga hulala nyuma, na uzito wa kiwiliwili hushuka kwenye mfupa wa mkia na pingili za chini za mgongo, kwa sababu miguu iliyo mbali mbele ya mwili haiwezi kuubeba. Pikipiki ikiingia kwenye shimo, mshtuko ambao shokapu imeshindwa kuumeza hupanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Na kwa kuwa kruza nyingi hushushwa chini kwa ajili ya sura, shokapu zake za nyuma huwa na mwendo mfupi, na kinachobaki kwa ajili ya mgongo huwa kingi. Upepo nao una sehemu yake. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa na zaidi kifua hugeuka tanga, na dereva asiye na mahali pa kujikita kwa miguu hujishikilia kwa mikono, akiivuta hendeli saa nzima mpaka mabega yakaze.

Vikanyagio vya kati huyabadili hayo yote kwa pamoja. Miguu hubeba sehemu ya uzito, mgongo hupata nafasi ya kusimama wima au kuinama mbele kidogo dhidi ya upepo, na dereva aliyeliona shimo mapema anaweza kujiinua juu ya kiti ili magoti yafanye kazi ambayo shokapu haiiwezi. Kujiinua huko, hata kwa kimo cha vidole viwili tu, ndiko kulikonitoshea mimi kuihalalisha kazi nzima. Kwenye vikanyagio vya mbele haiwezekani kusimama kwa namna yoyote ya maana. Ukijaribu utakuwa unajivuta kwa hendeli, na hendeli haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Lakini goti ndilo linalolipa. Kiti cha kruza kiko chini, na vikanyagio vya kati haviwezi kushushwa sana bila kugusa barabara kwenye kona, kwa hiyo mtu mwenye miguu mirefu hujikuta amekunja magoti kuliko anavyokunja akiwa amekaa kwenye kigoda. Nyonga zisizokunjika vizuri, au goti lililowahi kuumia, huanza kulalamika kabla ya saa moja kwisha. Kwa mtu wa namna hiyo vikanyagio vya mbele vinaweza kuwa tiba, na kumwambia avihamishe kwa sababu wengine wamepona mgongo ni kumhamishia maumivu kutoka kiungo kimoja hadi kingine.

Kuna jaribio rahisi ambalo halihitaji kununua chochote. Isimamishe pikipiki wima kwenye stendi imara ili isiyumbe, panga mbao au matofali pande zote mbili mpaka yafike mahali na kimo ambacho vikanyagio vya kati vingekaa, kisha ukae ukiwa umevaa viatu vyako vya kuendeshea, mikono ikiwa kwenye hendeli, kwa dakika 20 kamili. Usikae dakika mbili ukaridhika, maana goti huchelewa kusema. Ukiinuka bila kulazimika kujinyoosha, mkao huo unakufaa. Ukiinuka kwa shida, jaribu tena ukiwa umeweka kipande cha godoro cha sentimita 4 juu ya kiti. Tatizo likiondoka, unachohitaji ni vikanyagio vya kati pamoja na kiti kilichoinuka zaidi. Lisipoondoka, acha vikanyagio vilipo.

Barabarani na mahali pa kusimama

Katika mwendo wa polepole, kwa mfano kugeuza pikipiki nzito kwenye njia nyembamba, vikanyagio vya kati vina faida isiyo na ubishi. Dereva anaweza kubonyeza kikanyagio cha upande mmoja kuisaidia pikipiki ilale au iinuke, na mguu wa kulia hukaa juu ya pedali ya breki ya nyuma bila kunyanyuliwa hewani. Kwenye kona za kasi pia kuna nafuu, kwa kuwa vikanyagio vya kati kwa kawaida hukaa juu zaidi na ndani zaidi kuliko vya mbele, hivyo pikipiki huweza kulala kidogo zaidi kabla chuma hakijagusa lami. Vyovyote utakavyochagua, kikanyagio lazima kiwe cha kukunjika kwenda juu. Kikanyagio kisichokunjika kikigusa barabara katikati ya kona kinaweza kulinyanyua gurudumu la nyuma.

Mambo hugeuka pikipiki inaposimama. Kwenye mkao wa mbele mguu hushuka moja kwa moja chini bila kizuizi. Kwenye mkao wa kati kikanyagio kiko mahali hasa ambapo mguu unataka kushukia, kwa hiyo dereva hulazimika kuupeleka mbele yake, nyuma yake au nje yake, na anayeupeleka nje hupoteza sentimita kadhaa za urefu wa mguu. Mtu mfupi ambaye sasa hivi anagusa chini kwa nyayo zote mbili anaweza kujikuta anagusa kwa vidole. Kuisukuma pikipiki nyuma kwa miguu nako hugonganisha vikanyagio na vigimbi vya miguu. Hilo huzoeleka, ila wiki ya kwanza huacha alama.

Upande wa kulia wa injini nyingi za V, yaani zenye silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la V, una kichujio cha hewa kilichojitokeza nje, na goti lililorudi nyuma hukutana nacho. Silinda ya nyuma na bomba la ekzosi huwa karibu zaidi na paja na kifundo, na kwenye msongamano wa magari joto hilo si la kupuuzwa. Abiria naye apewe nafasi katika hesabu, kwa sababu kwenye pikipiki kadhaa kisigino cha dereva hukutana na vidole vya abiria.

Njia za kufika kwenye mkao wa kati

Wengi hudhani uchaguzi ni kati ya kubaki mbele na kuhamia kati, lakini kuna hatua za katikati ambazo ni rahisi zaidi na mara nyingine hutosha. Vipo vibao vya chuma vinavyozirudisha nyuma pedali na vikanyagio vya mbele kwa sentimita chache bila kuvihamisha kabisa. Kwa mtu ambaye shida yake ni kufikia tu, yaani mguu unanyooka mpaka mwisho na mwili unateleza mbele kwenye kiti, vibao hivyo ni jibu kamili. Kawasaki iliielewa hali hii ilipoitengeneza Vulcan S ya mwaka 2015, ambayo vikanyagio vyake husogezwa milimita 25 mbele au nyuma kutoka nafasi ya katikati, na dereva huipata tofauti hiyo waziwazi ingawa kwenye rula inaonekana ndogo. Kwa mwenye maumivu ya mgongo yanayotokana na uzito kukalia mfupa wa mkia, vibao havisaidii sana, kwa sababu miguu bado iko mbele na bado haibebi kitu.

Njia ya pili ni seti ya kiwanda kilichotengeneza pikipiki yenyewe. Ikiwa kiwanda kinauza pikipiki yako au dada yake ikiwa na vikanyagio vya kati, basi vipuri vyote vipo, vimepimwa pamoja, na matundu ya boliti kwenye fremu mara nyingi yako tayari yakisubiri. Sportster S ya Harley-Davidson, kwa mfano, hutoka na vikanyagio vya mbele, na seti ya kati huuzwa kama nyongeza. Hii ndiyo njia ninayompendekezea mtu asiye na fundi anayemwamini, hata kama ni ghali zaidi, kwa sababu uwiano wa pedali ya breki umekwisha kufikiriwa na mtu mwingine.

Njia ya tatu ni seti ya mtengenezaji mwingine. Hapa kuna nzuri sana na kuna mbaya sana, na picha haziwezi kukuonyesha tofauti. Tafuta seti ambayo maelezo yake yanataja muundo na mwaka wa pikipiki yako bila kuzungukazunguka, yanayosema wazi kama inafaa pikipiki yenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapobana breki), na yanayoeleza ni ekzosi zipi zinazoweza kufungwa pamoja nayo. Suala la ekzosi huwashtua wengi, maana bomba la mbili kwa moja, yaani mabomba ya silinda mbili yaliyounganishwa kuwa moja, hupita mara nyingi mahali hasa ambapo bano la kulia, chuma kinachobeba kikanyagio na pedali, linapaswa kufungwa, na aliyedhani ananunua vikanyagio hujikuta ananunua na ekzosi.

Njia ya nne ni kukusanya vipuri kutoka pikipiki iliyovunjwa. Huwezekana, na kwa fundi mwenye subira hutoa kazi safi, ila angalia kwanza mhimili wa gia unatokea wapi. Kwenye baadhi ya injini mhimili wa gia wa mkao wa kati hupita ndani ya kasha la mnyororo wa kwanza, ule unaopeleka nguvu ya injini kwenye klachi, na kasha la pikipiki yenye vikanyagio vya mbele linaweza kukosa tundu hilo. Hapo kazi ya siku moja hugeuka kuwa kazi ya kufungua klachi, kubadili kasha na gasketi, na kumwaga mafuta. Sitamshauri mtu yeyote achome bano kwenye fremu kwa kulehemu bila mtaalamu wa fremu, kwa kuwa uzito wote wa dereva aliyesimama utakaa juu ya mshono huo.

Upande wa breki ndio unaoamua

Seti mbili zikionekana sawa kwa bei na kwa sura, zilinganishe kwa upande wa kulia. Swali la kwanza ni kama masta silinda ya breki ya nyuma, yaani pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki, inabaki mahali pake au inahama. Kwenye seti ambazo inabaki, pedali mpya husukuma masta silinda ileile kwa fimbo, na mfumo wa mafuta ya breki haufunguliwi kabisa. Kwenye seti ambazo inahama, mpira wa breki lazima ubadilishwe kwa wenye urefu mwingine, mafuta yamwagwe, na hewa yote itolewe. Kwa pikipiki isiyo na ABS kutoa hewa ni kazi ya subira tu. Kwa yenye ABS, hewa ikinaswa ndani ya kifaa cha ABS inaweza kuhitaji kompyuta ya fundi ili pampu yake izungushwe na hewa itoke. Mimi mwenyewe kwa pikipiki ya ABS ningeanza kwa kutafuta seti isiyogusa mafuta, na ningekubali hata sura yake isiyovutia sana.

Ukilazimika kufungua mfumo, soma daraja la mafuta ya breki (DOT) kwenye kifuniko cha chupa yake kwenye pikipiki. DOT 4 na DOT 5.1 ni za asili moja. DOT 5 ni ya silikoni, iliyotumiwa kwenye baadhi ya Harley-Davidson za zamani, na haichanganywi na hizo nyingine. Namba 5 na 5.1 zinafanana machoni na zimewakosesha watu wengi. DOT 4 pia huila rangi, kwa hiyo funika tangi na fenda kabla ya kuanza, na uwe na maji karibu.

Swali la pili ni uwiano wa pedali, na hili halizungumzwi inavyostahili. Pima umbali kutoka kwenye ekseli ya pedali hadi mahali kiatu kinapobonyeza, kisha umbali kutoka kwenye ekseli hiyohiyo hadi mahali fimbo inaposukuma. Pedali yenye milimita 160 kwa 40 ina uwiano wa 4 kwa 1, yaani nguvu ya mguu huzidishwa mara nne. Ukiibadili kwa pedali fupi ya milimita 120 kwa 40, uwiano umeshuka hadi 3 kwa 1, na mguu utalazimika kusukuma theluthi moja zaidi ili kupata breki ileile. Hutaligundua ukiendesha polepole. Utaligundua siku mtoto atakapokatiza barabara mbele yako. Kwa sababu hiyo, mwuzaji asiyeweza kukuambia vipimo vya pedali yake hastahili kuaminiwa na breki yako.

La tatu ni nafasi ya wazi kwenye fimbo. Baada ya kufunga, pedali ikiwa imeachiliwa, fimbo lazima iwe na mchezo mdogo kabla ya kuanza kuisukuma pistoni ya masta silinda. Ikirekebishwa ikawa inaigusa pistoni muda wote, kitundu cha kurudishia mafuta huzibwa, mafuta yakipata joto yanavimba bila pa kwenda, na breki huanza kujifunga yenyewe barabarani. Dalili yake ni gurudumu la nyuma linalozunguka kwa uzito na diski inayochoma baada ya safari ambayo hukuitumia breki sana. Swichi ya taa ya breki nayo isisahaulike. Kwenye pikipiki ambazo swichi huvutwa na springi kutoka kwenye pedali, pedali ikihama springi hubaki bila kazi, na dereva huendelea kusimama mbele ya magari ambayo hayapewi onyo lolote.

Upande wa gia ni mwepesi zaidi. Vikanyagio vya mbele huhitaji fimbo ndefu kutoka kwenye pedali hadi kwenye mhimili, na kila kiungo chake kikichakaa kidogo, ulegevu hujumlishwa mpaka gia zinaingia kwa kubahatisha. Mkao wa kati huifupisha fimbo hiyo au huiondoa kabisa, na wengi husema gia zimekuwa kali kama mpya, nami ninakubaliana nao. Panga fimbo ili iwe pembe mraba na mikono yote miwili pedali ikiwa katikati ya mwendo wake, na kaza nati za kufungia ncha zote. Mkono wa mhimili ukigeuzwa kutoka juu kwenda chini, mpangilio wa gia nao hugeuka. Madereva wa mbio huufanya kwa makusudi, lakini kwa barabara ya kawaida usiuruhusu.

Nani achukue kipi

Mwenye maumivu ya mgongo, magoti mazima na urefu wa wastani, achukue seti ya kati ya kiwanda, au ya mtengenezaji mwingine isiyohamisha masta silinda. Akiwa msafiri wa masafa marefu, aongeze vikanyagio vidogo vya ziada kwenye chuma cha kukingia injini mbele, vya kunyoosha miguu kwenye barabara ndefu iliyonyooka, akikumbuka kwamba miguu ikiwa huko hakuna gia wala breki ya mguu, na kwamba kwenye mji au nyuma ya lori mahali pake ni kwenye pedali. Mchanganyiko huu ndio ninaoutumia, na kwa maoni yangu ndio unaowafaa wengi zaidi, kwa sababu mwili hauchoshwi na mkao mmoja tu.

Mrefu mwenye magoti mabovu abaki mbele, na fedha yake aiweke kwenye shokapu bora za nyuma na kiti chenye mgongo mdogo wa kuegemea. Mfupi anayeteleza kwenye kiti ajaribu vibao vya kurudisha nyuma kabla ya chochote kingine. Mwenye kusita, kiti kilichoinuka kwa sentimita 4 na hendeli iliyosogezwa karibu zaidi huweza kubadili mengi bila kugusa breki. Na mahali ambapo sheria inataka mabadiliko ya pedali yakaguliwe na kuandikishwa, gharama ya ukaguzi iingie kwenye hesabu mapema, kwa kuwa seti isiyo na cheti inaweza kukataliwa hata ikiwa imefungwa kwa ufundi mzuri.

Kazi ikikamilika, kaza kila boliti kwa spana ya torki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye maelezo, tumia gundi ya kushikilia nyuzi za boliti pale inapotakiwa, paka grisi kwenye ekseli za pedali, kisha kagua tena vyote baada ya kilomita 100 za kwanza, maana mtetemo wa injini ya V hulegeza kilichokazwa nusunusu. Kabla ya hizo kilomita 100, nenda mahali patupu. Mguu wako umezoea kwa miaka kuitafuta breki mbele, na kwa siku kadhaa utaendelea kwenda huko wenyewe, hasa ukishtuka. Simamisha pikipiki kutoka mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kisha 50, tena na tena, ukitumia breki zote mbili, mpaka mguu uache kwenda mbele bila wewe kuukumbusha.